Pompi ya mashini ya kuosha sahani ikikataa kutoa maji: zima kwanza, tafuta kisha



Ukurasa huu unasema mara nyingi juu ya mawe yanayoanguka, juu ya kofia, viatu na miwani ya kazi. Leo tunaingia jikoni. Je, jikoni kuna hatari? Ndiyo, iko. Pahali popote ambapo maji na umeme vinakaa karibu, kifo nacho hakiko mbali. Na katika mashini ya kuosha sahani, maji na umeme vinakaa ndani ya sanduku moja.

Pengine utasema: "Kwangu hakuna mashini hiyo, sisi tunaosha sahani katika beseni." Ni kweli kwa nyumba nyingi. Lakini mashini hizo ziko katika kantini, katika jiko la hospitali na katika nyumba za wageni, na wanaozitumia ni ndugu zetu na dada zetu. Tena, nyumba nyingine zina mashini ya kuosha nguo. Pompi inayotoa maji machafu katika mashini ya nguo ni ya namna ile ile, na inakufa kwa sababu zile zile. Basi soma, hata kama leo una beseni tu.

Pompi ni kitu gani?

Wanaofanya kazi chini ya udongo hawana haja ya kufundishwa faida ya pompi. Mgodi wa Kipushi ulisimamisha uchimbaji mwaka 1993, lakini pompi ziliendelea kutoa maji. Mwaka 2011 pompi hazikuweza tena, maji yakapanda na kufunika sehemu za chini za mgodi. Kazi ya kuyatoa ilichukua miaka, na mgodi ulianza tena kutoa madini mwaka 2024. Mashini ya sahani ni mgodi mdogo: pompi ikisimama, maji yanabaki chini.

Pompi hiyo ni ndogo, unaweza kuishika kwa mkono mmoja. Iko chini kabisa ya mashini. Moteri yake ina koili za waya mwembamba, mara nyingi wa shaba, na ninyi mnaijua shaba kuliko watu wengi. Katikati ya koili kuna sumaku ya mviringo inayozunguka. Mbele ya sumaku kuna kipande cha plastiki chenye mabawa, kinachosukuma maji kwenda katika tiyo ya kutokea. Umeme unapita katika koili, sumaku inazunguka, mabawa yanasukuma, maji yanatoka. Ni hayo tu.

Nguvu ya moteri hii, katika mashini za nyumbani, mara nyingi ni kati ya wati 20 na 40. Ni chini ya ampuli ya zamani ya wati 60. Kwa sababu hiyo kijiti cha meno, mfupa wa samaki au kipande cha kikombe kilichovunjika kinatosha kuisimamisha.

Lakini usidanganyike. Pompi ni ndogo, umeme unaoifikia si mdogo: ni volti 220, sawa na umeme wa prizi nyingine zote za nyumba. Umeme wa miliampea 30 hivi, ukipita katika mwili wa mtu kwa muda, unaweza kuzuia pumzi au kuharibu mapigo ya moyo. Pompi ya wati 30 inakula zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Umeme unaozungusha mabawa madogo unatosha kumwua mtu mzima.

Kwanza: sikiliza

Kabla ya kuzima na kufungua, tumia masikio. Mlango wa mashini uwe umefungwa, na usiguse kitu. Acha mashini ifike wakati wa kutoa maji, halafu sikiliza. Utasikia jambo moja katika haya matatu.

1. Inanguruma kama nyuki, lakini maji hayatoki. Umeme unafika, koili ni nzima, lakini sumaku haizunguki. Karibu kila mara kuna kitu kimekwama katika mabawa. Inaweza pia kuwa umeme wa nyumba ni dhaifu, kama inavyotokea saa za jioni watu wote wanapopika. Angalia ampuli: zikiwa na mwanga mwekundu na hafifu, ngoja umeme uwe sawasawa, kisha jaribu tena.

2. Inazunguka kwa sauti nyepesi, lakini maji hayatoki. Moteri ni nzima. Ubaya uko mbele yake: tiyo imekunjwa au imeziba, au mabawa yamevunjika na sumaku inazunguka peke yake.

3. Kimya kabisa. Ama umeme haufiki, ama koili imekatika. Hapa ndipo fundi wa umeme anahitajiwa.

Ukisikia moteri inanguruma bila kuzunguka, usiiache hivyo kwa dakika nyingi. Moteri iliyofungwa inapata moto. Nyingi zina kifaa kidogo ndani ya koili kinachokata umeme joto likizidi, na kinaurudisha moteri ikipoa. Ndiyo maana mtu anasema: "Jana ilikufa, leo asubuhi ilifanya kazi, na mchana imekufa tena." Si uchawi. Ni moteri inayopata moto kwa kuzuiwa.

Pili: zima, toa prizi, funga robine

Katika karakana unajua sheria: hakuna anayetia mkono katika mashini pasipo kukata umeme na kutia kadena yake mwenyewe. Sheria hiyo haibaki kwenye mlango wa kazi. Inakufuata nyumbani.

Kuzima kwa kibonye cha mashini hakutoshi, kwa sababu kibonye hakikati waya zote. Toa prizi ukutani. Kama mashini imefungwa moja kwa moja katika ukuta pasipo prizi, teremsha disjonkteri yake, tia kadena au karatasi ya kukataza, na uwaambie watu wote wa nyumba. Mtoto akiona ampuli hazipo na akapandisha disjonkteri wakati mikono yako iko ndani, kosa si la mtoto.

Delestaji si kukata umeme. Umeme ukiondoka katika mtaa wako, usiseme: "Sasa ni wakati mzuri wa kutengeneza." Utarudi bila kukuambia. Toa prizi hata kama nyumba yote iko giza. Hilo litalinda mashini pia, kwa sababu umeme unaporudi unaweza kuruka juu na kuchoma vitu.

Kisha funga robine ya maji na ungojee. Mashini ya nyumbani inaosha kwa maji ya digrii 50 mpaka 70. Mashini ya kantini inasuuza kwa maji yanayofika digrii 80 na zaidi. Maji hayo yanachubua ngozi mara moja. Ngoja yapoe.

Tatu: anza na vitu vyepesi

Watu wengi wanakimbilia moteri na kununua mpya, kumbe tiyo tu imekunjwa. Fuata njia ya maji kutoka mwisho wake.

Angalia tiyo nyuma ya mashini. Je, mashini ilisukumwa ukutani ikaibana? Je, mwisho wa tiyo umeinuliwa mno? Kwa mashini nyingi za nyumbani, tiyo isipite urefu wa metre moja hivi kutoka chini, kwa maana pompi ndogo haiwezi kupandisha maji juu sana. Chomoa tiyo, uiweke ndani ya ndoo, uipulizie: hewa ipite bila taabu. Angalia pia pahali inapoingia katika tiyo ya beseni. Mafuta ya nyama na mawese yanaganda hapo kama mshumaa.

Sasa fungua mlango. Toa maji kwa kikombe na sifongo. Vaa glavu kwanza, kwa sababu sabuni ya mashini hizo si sabuni ya kunawa mikono. Sabuni kali ya kantini mara nyingi ina soda kostiki, inayokula ngozi na kuharibu macho. Ikiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, kisha nenda hospitali.

Toa kichujio kilicho chini, ukioshe kwa burashi. Mara nyingi ubaya wote uko hapo: mchele, majani ya sombe, karatasi ya chupa.

Nne: mabawa ya pompi

Chini ya kichujio, au nyuma ya kifuniko kidogo, utaona mabawa. Usitie kidole kitupu. Vipande vya glasi vinakaa pale ndani ya maji meusi, na jeraha la maji machafu linaoza upesi. Tumia taa ya betri, vaa glavu nene, na utoe takataka kwa pensi.

Sasa zungusha mabawa kwa kijiti. Hapa wengi wanakosea. Mabawa hayazunguki laini kama gurudumu la baisikeli. Yanakwenda kwa kurukaruka, yanashika na kuachia. Hiyo si alama ya ubaya: ni sumaku inayovutana na chuma cha moteri. Tena, mabawa yana nafasi kidogo ya kucheza kabla ya kuivuta sumaku. Hayo pia yametengenezwa hivyo kwa makusudi, kusudi moteri ipate kuanza pasipo mzigo.

Ubaya ni huu: mabawa hayaendi kabisa, au yanazunguka mzunguko mzima pasipo kuvutwa hata kidogo, ndiyo kusema yameachana na sumaku, au yanatikisika huku na huku kwa sababu ekseli imelika. Ya kwanza, safisha. Ya pili na ya tatu, pompi nyingine.

Rudisha kila kitu, kichujio na kifuniko. Kausha sakafu. Ndipo urudishe prizi na kujaribu. Mara nyingi kazi inaishia hapa.

Tano: kazi ya fundi wa umeme

Ikiwa pompi bado imenyamaza, mwenye nyumba anaishia hapa. Kufungua ubavu wa mashini na kugusa waya ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Na mashini kubwa za kantini, zinazokula umeme wa faze tatu wa volti 380 mpaka 400, si za kuguswa na mpishi hata kidogo. Nyingine hazina pompi, maji yanashuka yenyewe kwa tiyo. Mwite elektrisie wa kazi.

Kwa ndugu elektrisie, hii ndiyo njia. Prizi iwe imetoka. Chomoa waya mbili za pompi na upime koili kwa multimetri. Pompi nyingi za volti 220 mpaka 240 zinaonyesha ohm 100 mpaka 200 hivi. Ikionyesha kwamba njia imekatika, usitupe pompi upesi: kama ina moto, ngoja ipoe kabisa na upime tena. Ikiwa bado imekatika, koili imekufa. Ikionyesha ohm chache sana, koili imeungua na waya zimegusana.

Kisha pima kati ya kila mguu wa koili na waya wa ardhi. Njia isionekane hata kidogo. Ikionekana, maji yameingia katika koili, na bati la mashini linaweza kumpiga mtu. Pompi hiyo itoke siku hiyo hiyo, hata kama bado inazunguka.

Pompi nyingine za siku hizi zinaendeshwa na karata ya elektroniki na zina waya tatu au zaidi. Hizo hazipimwi kwa hesabu hii; fuata karatasi ya mashini.

Koili ikiwa nzima na pompi bado inanyamaza, umeme haufiki. Tafuta waya uliolegea, kifungo cha mlango, au karata. Angalia pia sahani ya chini ya mashini, kwa maana mashini nyingi zina kiboya pale. Maji yakivuja na kukiinua, mashini inakataa kuingiza maji mapya, na pompi inaweza kuzunguka bila kuacha. Hapo pompi haina kosa: tafuta panapovuja.

Sita: kununua pompi nyingine

Usinunue kwa macho. Peleka ile ya zamani, na usome maandishi yake: volti, herzi, wati. Hapa kwetu ni volti 220 na herzi 50. Pompi ya volti 110, iliyotoka katika mashini ya Marekani, itaungua upesi ukiitia katika umeme wetu. Angalia pia meno ya kufungia na raba yake. Raba mbaya ina maana ya maji katika waya.

Ukiisha kuifunga, mimina maji kidogo kwa kikombe kabla ya kurudisha umeme, uangalie kama panavuja. Rudisha bati la ubavu. Umeme unakuja mwisho wa yote.

Mambo yanayoua

Waya wa kijani na manjano ni waya wa ardhi. Usiukate kwa sababu prizi yako ina matundu mawili tu. Tengeneza prizi. Ndio waya unaochukua umeme uliopotea pahali pa mwili wako.

Nyumba yenye mashini ya maji inafaa iwe na disjonkteri ya kulinda watu, ile ya miliampea 30. Ikianguka kila mara, inakuambia jambo. Usiifunge kwa waya ili isianguke.

Usisimame miguu mitupu juu ya sakafu iliyo na maji kugusa mashini yenye umeme. Usiache waya wa kuongezea umelala chini jikoni.

Usichanganye maji ya javeli na siki, wala na dawa ya kutoa chokaa, kwa kuzibua tiyo. Mchanganyiko huo unatoa klorini, hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

Mtu akipigwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Ikishindikana, simama pahali pakavu na umsukume mbali kwa mti mkavu. Kisha tazama kama anapumua. Kama hapumui, tuma mtu kuita msaada, na wewe anza: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, upesi, kiasi cha mara 100 mpaka 120 kwa dakika, halafu pumzi 2 mdomoni, kama umefundishwa, na uendelee mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema "mimi mzima," apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Na afya?

Maji yaliyolala katika mashini si maji tu. Ni mabaki ya chakula yanayooza katika joto. Yanaita mende, yananuka, na mashini ikianza tena inayarushia sahani za watu. Katika kantini na hospitali hilo ni jambo kubwa: sahani chafu zinaeneza ugonjwa wa kuhara. Pompi ikifa, usiendelee kuosha ndani ya mashini hivyo hivyo. Rudi kwenye beseni: maji ya moto na sabuni, maji safi ya kusuuza, na kukausha pahali safi.

Mwisho, dawa bora ni kuzuia. Kwangua sahani kabla ya kuziweka. Toa mifupa, vijiti na karatasi za chupa. Glasi ikivunjika ndani, tafuta vipande vyote kabla ya kuosha tena. Kantini isafishe kichujio kila siku, nyumba kila juma. Pompi inayolindwa hivi inaishi miaka mingi.

Bandika haya karibu na mashini:

Sikiliza. Zima, toa prizi, funga robine. Ngoja maji yapoe. Angalia tiyo, kichujio, mabawa. Waya ni kazi ya fundi. Umeme unarudi mwisho.

Pompi inanunuliwa sokoni. Baba au mama wa nyumba hanunuliki.